Mchecheto Juu ya Dungu: Kutafuta Kosa Mkono Unapotetemeka Mbele ya Kulungu

Kuna mtu anayepiga shabaha uani kwake tangu Juni hadi Agosti, mishale yake mitano ikikaa kwenye eneo la kiganja kwa umbali wa yadi 30, kisha asubuhi moja ya Novemba kulungu wa kwanza anatokea chini ya mwaloni na mtu huyo huyo anasahau hata kutia mshale kwenye upote, yaani kamba ya upinde. Wawindaji wa Marekani huuita mchecheto huu homa ya dume, na hawaoni aibu kuisimulia. Mwongozo huu unawahusu wazungumzaji wa Kiswahili walioanza kuwinda kulungu kwa upinde baada ya kuhamia majimbo kama Minnesota, Wisconsin, Ohio na Pennsylvania. Wengi wetu tuna upungufu ambao wenyeji hawana. Wao walipandishwa juu ya dungu na baba zao wakiwa watoto, wakawatazama kulungu wengi wakipita kabla ya kuruhusiwa kumlenga hata mmoja. Sisi, hasa tuliotoka Kenya ambako uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, tulikutana na mnyama huyu tukiwa tayari na upinde mkononi na leseni mfukoni.

Kulungu ninayemzungumzia ni yule wa mkia mweupe wa Amerika Kaskazini, ambaye dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine, si yule mwenye pembe za kudumu ambaye baadhi yetu huko nyumbani humwita kulungu na wengine pongo. Upinde ninaouzungumzia ni ule wa kapi, wenye magurudumu kwenye ncha zake, ingawa mengi yaliyomo humu yanamfaa pia anayetumia upinde wa kawaida.

Kabla ya kutafuta dawa, tambua kilichoharibika

Mnyama anapotokea, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio, damu huondoka kwenye ngozi na vidole na kuelekea kwenye misuli mikubwa, macho hukaza kwenye kitu kimoja na kuacha kuona vya pembeni, na masikio nayo huweza kuacha kusikia sauti ambazo kwa kawaida zingesikika. Mwili umejiandaa kukimbia au kupigana. Mtu aliye katika hali hiyo anaweza kubeba gunia la mahindi, lakini hawezi kutunga uzi kwenye tundu la sindano, na kufyatua mshale ni kazi ya sindano.

Kwa hiyo usiweke lengo la kuufuta mchecheto. Sijakutana na mwindaji aliyefaulu kuufuta, na wachache waliodai kwamba hawausikii tena waliniambia pia kwamba hawaamki alfajiri kwa hamu kama zamani. Kinachowezekana ni kujenga mfuatano wa vitendo ambao hata mkono unaotetemeka utaweza kuufuata. Kuona, kuamua, kuvuta, kuegemeza mkono mahali pake kwenye taya, kuchungulia kwenye tundu la upote (kipete kidogo kilichofungwa kwenye upote mbele ya jicho), kuweka pini (nukta ya kilengeo) juu ya shabaha, kufyatua, na kubaki umekazana hadi mshale ufike: kila hatua huweza kukatika peke yake, na kila moja ikikatika huacha dalili yake. Mtu anayesema tu kwamba aliogopa hajajifunza lolote. Anayeweza kusema kwamba mnyororo ulikatikia kwenye kuchungulia ana kitu cha kurekebisha kabla ya Jumamosi ijayo.

Ndiyo maana ninashauri daftari dogo na kalamu ya risasi mfukoni, kwa kuwa wino huganda kwenye baridi. Kulungu akishaondoka, awe amepigwa au hapana, andika unachokumbuka: alisimama wapi, ulivuta lini, uliona nini ndani ya tundu, kidole kilifanya nini. Kumbukumbu ya dakika hizo huchuja upesi sana, na kufikia jioni utakuwa umeshajitungia hadithi nyingine.

Dalili: moyo unadunda na magoti yanacheza, ilhali mnyama bado yuko mbali

Hii ndiyo dalili ya mapema na ndiyo rahisi kushughulikiwa, mradi usisubiri. Chanzo chake cha kawaida ni kwamba akili imetangulia mbele ya mambo. Kulungu yuko yadi 80, hajaingia hata kwenye njia yake, lakini wewe umeshaanza kuhesabu ncha za pembe, umeshapiga picha, umeshamwambia shemeji yako kazini. Amua mara moja kama mnyama huyo ni wa kupigwa au si wa kupigwa, kisha usiziangalie pembe tena. Hili si jambo la mzaha. Wawindaji wazoefu wengi hujikataza kabisa kutazama juu ya shingo baada ya uamuzi kufanyika.

Chanzo cha pili ni kazi zilizobaki bila kufanywa. Anayehitaji kupima umbali, kusimama, kugeuza miguu na kuchukua upinde uliotundikwa, yote katika sekunde 20, atatetemeka hata kama ana moyo wa jiwe. Ukishapanda dungu, pima umbali wa miti minne au mitano inayokuzunguka na uikariri: mwaloni uliopinda, yadi 18, kisiki, 25, mti wa mwisho ambao zaidi yake hutafyatua, 30. Ukisikia majani yakikwaruzwa, simama wakati mnyama angali nyuma ya vichaka, egemeza mgongo au bega kwenye shina la mti ili magoti yapate msaada, na shika upinde. Kisha pumua. Vuta hewa kwa pua kwa kuhesabu hadi nne, iachie polepole kwa kuhesabu hadi sita au nane, na urudie. Pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, neva ya vagasi huupunguzia moyo kasi, na hilo unaweza kulihisi baada ya mizunguko michache. Ila lifanye kabla ya kuvuta upote, maana ukishavuta umechelewa.

Sababu nyingine ni za nyumbani. Aliyelala kwa muda wa saa tatu tu, akanywa vikombe viwili vya kahawa nyeusi garini saa kumi na moja alfajiri na kupanda kilima kwa haraka hadi jasho likamtoka, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya adrenalini kabla kulungu hajaamka. Ondoka mapema, tembea polepole, na kahawa iachie chupa ya kurudi nayo. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu azungumze na daktari wake kabla ya msimu, kwa sababu mshtuko wa kumwona mnyama, baridi, na kazi ya kumburuta mzoga vikikutana huuelemea moyo. Na dawa za moyo za mtu mwingine zisitumiwe kutuliza mikono.

Dalili: upinde uliouvuta kila siku leo hauvutiki

Mtu huinua upinde, huvuta, na upote hukwama katikati ya kifua. Huinua mkono juu kana kwamba analenga mwezi ili apate nguvu, na kulungu, ambaye hatambui rangi nyekundu vizuri lakini hukamata mwendo wowote, anaondoka. Mwindaji husema ni woga. Mara nyingi si woga peke yake: upinde ulikuwa mzito kupita kiasi tangu Julai, na joto la kiangazi lilikuwa likificha aibu hiyo.

Jipime hivi. Vaa koti lako zito la uwindaji, kaa kwenye kiti, inua miguu yote miwili kutoka sakafuni, nyoosha upinde mbele yako kuelekea shabaha, kisha uvute polepole bila kuuinua wala kuushusha. Ukishindwa, punguza uzito. Pinde nyingi za kapi zina skrubu kwenye kila bawa, yaani ule mkono wa upinde unaopinda, na mzunguko mmoja wa skrubu zote mbili hupunguza takriban ratili mbili au tatu; soma kikomo kilichowekwa na mtengenezaji ili usizilegeze kupita kiasi. Hakuna haja ya ratili 70 kwa kulungu. Sheria ya Minnesota inataka upinde wenye nguvu ya ratili 30 au zaidi, Pennsylvania 35, na mwenye ratili 45 au 50 na chembe, yaani ncha ya mshale, kali kama wembe ana uwezo wa kutosha kwa umbali mfupi.

Baridi nayo huchanganywa na mchecheto. Tetemeko la baridi huanza kwenye taya na mabega kabla mnyama hajaonekana. La mchecheto huanza anapoonekana. Tiba ya la kwanza ni nguo, mfuko wa joto wa mikono, na kuvuta upinde nusu mara moja kila saa misuli isilale.

Dalili: mshale umepita juu ya mgongo

Mshale wangu wa kwanza kwa mnyama aliye hai ulipita juu ya mgongo wa jike aliyesimama yadi 18, kwenye ukingo wa mialoni katika vilima vya kusini-mashariki mwa Minnesota, karibu na mto Mississippi. Niliukuta umechomeka ardhini mbele yake, manyoya safi, bila hata tone la damu. Kwa wiki mbili nililaumu kilengeo, nikakirekebisha, na kwa kukirekebisha nikaharibu kilichokuwa kizima. Mambo yalinyooka siku niliyoketi na daftari na kukubali kwamba sikumbuki kabisa kuchungulia kwenye lile tundu dogo la upote. Nilikuwa nimeinua uso juu yake ili nimwone mnyama wote vizuri zaidi.

Mshale kupita juu una sababu kadhaa, na hiyo yangu ndiyo inayopaswa kuchunguzwa kwanza kwa sababu ndiyo ya mchecheto hasa. Mtu mwenye macho yaliyokazana hutaka kumwona mnyama, si kilengeo. Akiangalia juu ya tundu, huku akiweka pini pale pale mwilini, sehemu ya mbele ya mshale huwa imeinuka na mshale huenda juu. Dawa ni kutamka neno moja kimoyomoyo kila unapovuta, uani na msituni: “tundu”. Usiitafute pini kabla hujaliona duara la tundu likiwa limelizunguka duara la kilengeo kama sahani ndani ya sahani. Rudia hivyo mara 500 wakati wa kiangazi, na Novemba neno litakuja lenyewe.

Sababu ya pili ni kiuno. Kutoka kwenye dungu la futi 18 au 20, mwenye mchecheto hushusha mkono wa upinde peke yake na kuacha mwili umesimama wima, hivyo pembe kati ya mkono na mwili hubadilika na mahali pa kuegemeza mkono kwenye taya husogea. Vuta ukiwa umenyooka kana kwamba mnyama yuko mbele yako kwa usawa, halafu pinda kiunoni hadi pini imfikie. Mkanda wa usalama wa mwili mzima, uliofungwa kwenye mti tangu unapoondoa mguu ardhini hadi unaporudi, ndio unaokupa ujasiri wa kupinda hivyo. Asiyefungwa hujishika kwa vidole vya miguu na kutetemeka kwa sababu nyingine kabisa, na kwa haki, maana kuanguka kutoka madunguni huwaumiza wawindaji wengi kila msimu.

Sababu ya tatu si yako, ni ya kulungu. Mshale wa upinde wa kapi huenda takriban futi 280 kwa sekunde, wakati sauti ya upote huenda kama futi 1,100. Kwa yadi 20 mshale unahitaji sekunde 0.21 hivi kufika. Kwa yadi 40 unahitaji maradufu. Sauti hufika kwanza, na kulungu aliyeshtuka hujikunyata chini kwanza ili akusanye miguu ya kuruka, hivyo mgongo wake huwa umeshuka mshale ufikapo. Utamjua aliye tayari kufanya hivyo: kichwa kimeinuka, masikio yamekuelekea, mkia umekaza, mguu wa mbele unapiga ardhi. Kwa mnyama wa namna hiyo, subiri. Wengi husimamisha kulungu anayetembea kwa kutoa sauti fupi ya mdomo kama ya mwanambuzi, na ni mbinu nzuri kwa yadi 15. Kwa yadi 35 unakuwa umemwambia ajiandae. Hapa ndipo mchecheto unapoleta hasara, kwa kuwa mtu anayeona nafasi ikimponyoka hujipa ruhusa ya umbali ambao akiwa ametulia asingejipa. Kikomo chako kiamuliwe nyumbani, mezani, na kisiongezwe ukiwa juu ya mti.

Dalili: pini haikubali kukaa, au kidole kinafyatua chenyewe

Hili ndilo tatizo gumu kuliko yote, na huwapata hata wasiowahi kuingia msituni. Liite kiwewe cha shabaha. Huja kwa sura mbili. Katika sura ya kwanza pini huganda chini ya mahali unapotaka, na kadiri unavyojaribu kuiinua ndivyo mkono unavyokataa, kana kwamba kuna ukuta wa kioo. Katika sura ya pili pini inapita juu ya shabaha na kidole hubofya kifyatuzi, kile kifaa cha kuvutia na kuachia upote, kwa ghafla, mwili mzima ukiruka pamoja nacho, kabla akili haijatoa ruhusa.

Chanzo cha sura zote mbili ni kimoja: akili imejifunza kwamba pini ikigusa shabaha lazima mshale utoke sasa hivi. Pini ya mwanadamu haitulii kamwe, huelea. Anayesubiri itulie kabisa, au anayeivizia ipite katikati ili afyatue, anafanya kazi ya kuotea nukta inayokimbia, na mwili hujilinda kwa ama kuganda ama kukurupuka. Msituni, adrenalini huongeza ukubwa wa kuelea huko na kuongeza haraka ya kidole, kwa hiyo kosa dogo la uani huwa kosa kubwa.

Tiba yake ni ya wiki, si ya siku, na yafaa ianze mwezi wa Mei. Sogea hadi hatua tatu au nne mbele ya gunia kubwa la shabaha lisilo na alama yoyote, hakikisha hakuna mtu wala mnyama nyuma yake, vuta, lenga gunia, kisha funga macho na ufyatue ukihisi tu misuli ya mgongo ikisogeza bega la nyuma polepole. Kidole kimezunguka kifyatuzi kama ndoana na hakibofyi. Ni mgongo unaovuta mkono mzima nyuma hadi kifyatuzi kiachie chenyewe. Mshale ukikushtua kidogo unapotoka, umefanya sawa. Mishale 20 kwa siku ya namna hii, bila shabaha, kwa wiki tatu au nne, hufundisha mwili upya kwamba kulenga na kufyatua ni kazi mbili tofauti. Kisha rudisha alama, lakini siku za kwanza weka pini juu yake, ihesabu hadi tano ikielea, na ushushe upinde bila kufyatua.

Kushusha huko nako kunahitaji mazoezi yake. Upinde wa ratili 60 wenye kapi zinazopunguza asilimia 80 ya mzigo hukuacha ukishikilia ratili 12 tu ukiwa umevuta kabisa, na kwa sababu hiyo watu husahau kwamba mzigo wote unakusubiri pale unapoanza kurudi. Mwenye mchecheto anayeshusha huku kidole kiko mbele ya kifyatuzi hufyatua bila kukusudia. Kidole kiwe nyuma ya kifyatuzi, mshale uelekee mahali salama, na mkono urudi polepole. Mtu anayejua kwamba anaweza kushusha wakati wowote huwa hana sababu ya kukurupuka. Sijaona zoezi jingine lililonituliza kuliko hilo.

Baada ya hapo leta presha ya kutengeneza. Kimbia mita 100, ruka kamba, kisha fyatua mshale mmoja moyo ukiwa unadunda. Moyo unaodunda kwa mbio si sawa na unaodunda kwa hofu, lakini unakuonyesha jinsi pini inavyocheza na jinsi ya kuukubali mchezo huo. Zoezi linalofanana zaidi na uwindaji ni la mshale mmoja: toka nje asubuhi bila kupasha mwili, fyatua mshale mmoja tu kwenye sanamu ya kulungu, na huo ndio uwe mshale wa siku nzima. Jirani akikutazama, afadhali zaidi.

Na msimu ukifunguliwa, usijiwekee dume kubwa kama mtihani wa kwanza. Katika maeneo yanayoruhusu, jike ni mnyama halali wa kuanzia na nyama yake ni nzuri. Pia kaa na wanyama usiokusudia kuwapiga. Siku ambayo majike wawili na ndama wao wanakula mbegu za mwaloni chini yako kwa nusu saa, ambayo mtu mwenye pupa angesema imepotea, ndiyo inayokufidia ule utoto wa juu ya dungu ambao hukuupata.

Dalili: mshale umeanguka kutoka kwenye kishikio chake na kugonga chuma

Mikono inayotetemeka huchezesha mshale hadi ukatoka. Tumia kishikio kinachouzunguka mshale pande zote, bandika kitambaa laini kwenye chuma kinachoweza kugongwa, na sikia mlio mdogo wa mshale unapokaa kwenye upote kabla ya kuvuta. Kufyatua upote usio na mshale huweza kuvunja mabawa ya upinde usoni pako.

Dalili: hukumbuki ulilenga wapi

Ukiulizwa, unajibu: “Nilimlenga kulungu.” Hapo ndipo kosa lilipo. Aliyelenga mnyama mzima hajalenga popote, na mara nyingi mshale hufuata macho, nayo macho yalikuwa kwenye pembe. Chagua unywele mmoja, kivuli kimoja, au kipande cha jani kilichokwama kwenye manyoya, nyuma kidogo ya bega na katika theluthi ya chini ya mwili, palipo na mapafu na moyo. Mnyama awe amesimama ubavu, au amekupa mgongo kidogo kwa mshazari; katika hali hiyo ya pili lenga kwa kuwaza mahali mshale utakapotokea upande wa pili. Anayekutazama uso kwa uso usimpige.

Hatua inayosahaulika huhitaji neno la kuishika. Kwa Mwislamu neno hilo lipo tayari, kwa kuwa mnyama anayewindwa kwa mshale hutajiwa jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua, na akikutwa angali hai huchinjwa. Mwindaji mmoja mwenye asili ya Zanzibar ninayewinda naye huitamka Bismillahi polepole pini ikiwa tayari imeingia kwenye unywele aliouchagua, na anasema hajawahi kukurupuka tangu alipoiweka mahali hapo badala ya kuisema kwa haraka anapovuta. Asiye Mwislamu atafute neno lake, fupi na lisilobadilika. Maneno mengi ya kujipa moyo hayasaidii. Akili iliyojaa adrenalini haina nafasi ya hotuba.

Dalili: tetemeko linakuja baada ya mshale

Hili huwashangaza wapya kuliko yote. Wamevuta vizuri, wamefyatua vizuri, na sasa miguu inacheza kiasi cha kushindwa kusimama. Hakuna lililoharibika, adrenalini iliyokuwa ikisubiri kazi imekosa kazi. Tundika upinde, kaa chini, angalia kwamba kamba ya mkanda wako bado imefungwa, na usishuke mpaka mikono itulie, maana ngazi na mikono ya namna hiyo havipatani. Kabla ya kukaa, kariri vitu viwili: mahali hasa mnyama aliposimama, na mti wa mwisho alioupita alipokimbia. Kaa kimya usikilize.

Haraka ya kumfuata ndiyo sura ya mwisho ya mchecheto, na ndiyo inayopoteza wanyama waliokwisha kupigwa vyema. Hata ukiwa na hakika ya mapafu, subiri nusu saa kwa kuitazama saa yako. Ukishuka, nenda kwenye mshale kwanza na uusome. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu. Damu nyekundu iliyoiva, nzito, yaelekea kuwa ya ini, na mnyama huyo anahitaji saa nne hadi sita za kuachwa. Mshale wenye uchafu wa kijani na harufu ya chakula kilichochachuka umepita tumboni. Funga kitambaa cha rangi kwenye kichaka kilicho karibu na mshale, ondoka kwa njia uliyojia bila kugeukia upande alikokwenda, na urudi baada ya saa nane hadi 12 ukiwa na mwenzako mmoja, kwa sababu kulungu huyo kwa kawaida hulala si mbali, na ataamka tena ikiwa tu atasikia nyayo zako.